Mwigo na Asili: Habari za Mitambo ya Michezo Iliyokufa

Wahenga wetu walimwonya mtu mwenye kuiga tembo kwamba atapasuka msamba. Methali hii hutumiwa kumrudi mnyonge anayejitia katika mambo ya wakubwa, na fundisho lake halina kificho: mwigo ni jambo la aibu, na mwigaji ni mtu asiyejua kipimo chake. Katika makala haya nataka kueleza habari za mwigo wa namna nyingine, ambao ndani yake mkubwa ndiye anayemwiga mdogo, na tembo ndiye anayejifunza kutembea kama panya. Ni habari za kompyuta za siku hizi, jinsi zinavyofundishwa kujifanya mitambo ya michezo ya zamani, ili michezo iliyotungwa kwa ajili ya mitambo hiyo ipate kuchezwa tena. Yamkini msomaji ataona kwamba hili ni jambo la watoto, lisilostahili wino wa wasomi. Namwomba anivumilie kidogo, maana nyuma ya mchezo liko swali linalomhusu kila mwenye kupenda elimu: kazi ya sanaa huhifadhiwaje wakati chombo kilichoibeba kimekufa?

Kila kazi ya sanaa ina roho na mwili. Shairi laweza kukaa katika kumbukumbu ya mtu mmoja, likahamia katika karatasi, likatoka katika karatasi likaingia katika kinywa cha mwimbaji. Karatasi ikiliwa na mchwa, nakala nyingine huandikwa, na shairi huwa ni lile lile. Mchezo wa kompyuta haukujaliwa bahati hiyo. Maneno yake ni amri zilizoandikwa kwa lugha ya mtambo mmoja maalumu, na mtambo huo peke yake ndio unaozielewa. Ukiondoka mtambo, kinachobaki ni msururu wa tarakimu zisizosomeka, mfano wa wimbo uliotungwa kwa ajili ya ala ambayo hapana tena mtu ajuaye kuipiga.

Mtambo wa kwanza wa michezo uliouzwa kwa matumizi ya nyumbani ulikuwa Magnavox Odyssey, uliotoka Marekani katika mwaka 1972 kwa ubunifu wa Ralph Baer. Mtambo huo haukuwa na kompyuta ndani yake. Miaka minne baadaye, katika mwaka 1976, ulitoka mtambo mwingine ulioitwa Fairchild Channel F. Waliouunda waliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, na kwa kazi yao mchezo uliwekwa katika kijisanduku cha plastiki chenye chipu ya kumbukumbu, ambacho hapa nitakiita kaseti. Mwenye mtambo mmoja aliweza kununua kaseti nyingi na kuzibadili apendavyo. Tangu wakati huo mchezo na mtambo vikawa vitu viwili, mfano wa mgeni na nyumba. Nasema hivi mapema kwa sababu mgeni akiwa mbali na nyumba ndipo swali linapozaliwa: je, aweza kukaa katika nyumba nyingine?

Nyumba za kwanza zilikuwa za kimaskini mno. Mtambo wa Atari uliotoka mwaka 1977 ulikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi yenye baiti 128 tu, kiasi ambacho ni pungufu ya idadi ya herufi zilizomo katika sentensi hii moja unayoisoma sasa, ewe msomaji. Mtambo uitwao Family Computer, uliobuniwa na Masayuki Uemura na wenzake wa kampuni ya Nintendo, uliuzwa Japani kuanzia tarehe 15 Julai 1983, na ukaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la Nintendo Entertainment System. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2, na prosesa yake ilikwenda kwa kasi ya megahezi 1.79 hivi. Hata hivyo mitambo karibu milioni 62 ya aina hiyo iliuzwa duniani, na watoto wa mataifa mengi walilelewa mbele yake.

Umaskini huo ulizaa werevu. Mtungaji wa mchezo hakuweza kupoteza hata baiti moja, wala sehemu ndogo ya sekunde. Alijifunza tabia zote za mtambo wake, nzuri na mbaya, akazitumia zote. Kama chipu ya picha ilikuwa na dosari, aliigeuza dosari ile kuwa pambo. Kama mchoro ulichorwa mstari kwa mstari, kutoka juu ya kioo hata chini, alibadili rangi katikati ya mstari kabla mtambo haujamaliza kuuchora. Kwa hiyo mchezo haukukaa juu ya mtambo kama kitabu kikaavyo juu ya meza. Ulisokotwa pamoja nao kama mkeka, ukuti kwa ukuti.

Lakini mitambo haikuundwa ili iishi milele. Kapasita zake huvimba na kuvuja. Lenzi za mitambo iliyosoma diski kwa mwanga wa leza hudhoofika. Kaseti za baadhi ya michezo, kama ile ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, zilikuwa na betri ndogo ya kulinda kumbukumbu ya mchezaji, na betri ikifa, safari yote ya mchezaji hupotea pamoja nayo. Chipu zilizoungua hazina tena kiwanda cha kuzizaa. Hata televisheni nzito za zamani, zenye bomba la kioo mgongoni, zimeachwa na viwanda vikubwa. Fundi hodari aweza kuuponya mtambo mmoja au kumi. Lakini kifo cha vitu ni kama maji ya bahari yanayokula ufuko: ukijenga ukuta hapa, yanakula pale.

Basi ndipo tufikapo kwenye mwigo. Wenye kazi hii huiita programu ya namna hiyo emuleta. Mimi nitaiita mwigo, maana neno hili ni letu na linatosha. Mzizi wa jambo lenyewe ni wa kale kuliko michezo. Katika mwaka 1936 Alan Turing, mwanahesabu wa Uingereza, alithibitisha kwa njia ya fikira tupu kwamba mashine moja yaweza kutenda kazi ya mashine nyingine yoyote ya jinsi yake, mradi ipewe maelezo kamili ya mashine ile. Mashine, kwa maneno mengine, si chuma tu, ni kanuni. Ajuaye kanuni yake aweza kuifufua katika mwili mwingine.

Fikira hiyo ilipata kazi sokoni katika mwaka 1964. Tarehe 7 Aprili ya mwaka huo kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake mpya za jamii ya System/360. Wateja wake wengi walikuwa na kompyuta za namna ya 1401, iliyotangazwa mwaka 1959 na kuundwa kwa idadi ya zaidi ya 10,000, na walikuwa wamekwisha kuziandikia programu za hesabu za mishahara, akiba na madeni. Nani angekubali kutupa kazi ya miaka mitano kwa sababu ya kununua mashine mpya? IBM ilitambua hofu hiyo, ikaziwezesha baadhi ya mashine mpya kujifanya zile za zamani, na hivyo amri za kale zikatendeka kama kwamba hapana kilichobadilika. Namwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni: wa kwanza kuuza mwigo hakuwa mwizi wala mtoto mtundu. Alikuwa mwenye mali mwenyewe, na aliufanya mwigo kuwa sifa ya bidhaa yake.

Namna mwigo unavyofanya kazi si vigumu kuieleza, ingawa kuitenda ni kazi ya kukesha. Chukua mfano wa mtu anayesoma barua ya lugha ngeni mbele ya wazee wasioijua lugha hiyo. Husoma neno moja, hulitafuta katika kamusi, hulisema kwa lugha ya wasikilizaji, kisha huenda kwenye neno la pili. Programu ya mwigo hufanya vivyo hivyo. Huchukua amri moja kutoka katika mchezo, huitambua, hutenda kwa prosesa mpya jambo ambalo prosesa ya kale ingalilitenda, kisha huendelea. Wakati huo huo lazima ijifanye pia chipu ya picha, na chipu ya sauti, na kishikio chenye vitufe, na saa inayoviongoza vyote. Amri moja ya kale huhitaji amri nyingi za sasa. Na yote hayo lazima yamalizike kabla picha inayofuata haijatakiwa, na picha zatakiwa kama 60 kwa kila sekunde.

Katikati ya miaka ya 1990 kompyuta za nyumbani zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha kwa kazi hii, na hapo wakajitokeza watu ambao hawakutumwa na kampuni yoyote. Mwaka 1996 Marat Fayzullin alitoa programu iitwayo iNES, ya kuiga mtambo wa Nintendo wa mwaka 1983. Mpangilio wa faili ulioanza kwake hutumika mpaka leo. Mwezi wa Aprili 1997 ilitokea NESticle, iliyotolewa bure, ambayo kasi yake iliwashangaza watu waliokuwa na kompyuta za kawaida. Miezi miwili kabla yake, tarehe 5 Februari 1997, Nicola Salmoria wa Italia alikuwa ametoa toleo la kwanza la MAME, mwigo wa yale masanduku makubwa ya michezo yaliyokuwa yakichezwa kwa sarafu katika kumbi za starehe. Wenye MAME walitangaza nia ambayo inastahili kukumbukwa na wasomi: kwamba kusudi lao ni kuandika na kuhifadhi habari za mitambo yenyewe, na kwamba kuchezeka kwa michezo ni tunda zuri litokalo katika kazi hiyo. Mwaka 2016 programu yao yote iliwekwa chini ya leseni huria, ili kila mtu aisome na kuitengeneza.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba mambo haya yalitupita mbali. Mtambo wa Nintendo ulikuwa umekwisha kuigwa kwa njia nyingine kabla ya programu hizi, yaani kwa chuma. Viwanda vya Taiwan na China viliunda chipu zilizofanana na zile za Japani, na mitambo yao ikasambaa katika nchi ambazo asili haikufika kwa wingi, au iliuzwa kwa bei isiyoshikika. Urusi mtambo wa namna hiyo uliuzwa kwa jina la Dendy kuanzia mwaka 1992. Katika miji yetu pia, wengi waliocheza Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, waliucheza kwa mitambo ya jinsi hiyo, na hawakupata kuiona asili hata siku moja. Nakala ile ilikuwa batili kwa sheria za biashara, wala siitetei. Nasema tu kwamba furaha ya mtoto haikuwa nakala. Kwa watu wengi wa dunia hii, mwigo ndio mlango pekee waliofunguliwa.

Wenye mali hawakukaa kimya. Mwezi wa Januari 1999 ilitokea UltraHLE, iliyouiga mtambo wa Nintendo 64 hali mtambo huo ungali ukiuzwa madukani, na watungaji wake waliiondoa upesi baada ya ghadhabu kuwaka. Mwezi huo huo kampuni ya Connectix ya Marekani ilitoa programu iitwayo Virtual Game Station, iliyowezesha kompyuta za Macintosh kuchezesha diski za PlayStation, mtambo wa Sony uliotoka Japani mwaka 1994. Sony ilishtaki. Katika mwaka huo wa 1999 mahakama ya kwanza iliamuru programu hiyo isiuzwe. Connectix ilikata rufani, na tarehe 10 Februari 2000 mahakama ya rufani ikaitengua amri hiyo.

Hoja ya majaji hao ina faida kwa kila mwanafunzi wa mambo ya hifadhi. Connectix ilikuwa imenakili programu ya ndani ya PlayStation ili kuichunguza na kujua desturi zake. Lakini bidhaa yake ya mwisho haikuwa na hata kipande cha programu ya Sony. Majaji walisema kwamba kunakili kwa ajili ya kuchunguza hivyo ni matumizi ya haki, na kwamba mwenye hakimiliki ya programu hapewi kwa hakimiliki hiyo enzi juu ya kila mashine yenye uwezo wa kufanya kazi kama yake. Lakini haki haikuwa na maisha marefu sokoni. Mwaka 2001 Sony iliinunua Virtual Game Station, ikaacha kuiuza. Kampuni nyingine, bleem!, iliyokuwa nayo ikishtakiwa na Sony na kupata ushindi katika rufani ya mwaka 2000, ilifunga milango katika mwaka huo huo wa 2001. Mtu aweza kushinda mahakamani na bado akazikwa na gharama za ushindi wake.

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Programu ya mwigo ni kitu kimoja. Mchezo unaochezwa ndani yake ni kitu kingine. Uamuzi wa mwaka 2000 uliutetea ule mtambo wa kuigwa, haukumruhusu mtu kugawa michezo ya wenyewe. Mtungaji wa mchezo alivuja jasho kama mtungaji wa kitabu, na jasho lake lina haki. Lakini ni vigumu kumwita mwizi wa soko mtu anayehifadhi kitu ambacho hakiuzwi tena katika soko lolote. Baina ya kuiba kilicho hai na kukizuia kisipotee kilichokwisha kuachwa, pana uwanja mpana, na sheria nyingi bado hazijaupima uwanja huo.

Wakati wanasheria wakibishana nje, ugomvi mwingine ulikuwa ukiendelea ndani ya nyumba ya waigaji wenyewe, nao kwangu una uzito zaidi. Programu za kwanza zilitafuta kasi. Pale mchezo ulipokataa kwenda sawa, mtungaji wa mwigo alitia kiraka kwa ajili ya mchezo ule peke yake, akapita. Wachezaji walifurahi, maana michezo mashuhuri ilichezeka. Ile isiyo mashuhuri iliharibika kimya kimya, na hakuwako wa kuililia. Ndipo akaja mtungaji mmoja aliyejulikana kwa jina la kupanga la byuu, ambaye kuanzia mwaka 2004 aliuandika mwigo wa Super Nintendo, mtambo uliotoka Japani mwaka 1990, akauita bsnes. Shabaha yake ilikuwa kuiga mtambo wenyewe, kila saa yake na kila dosari yake, bila viraka, hata michezo yote iwe sawa kwa sababu moja tu: kwamba mtambo ni sawa.

Katika mwezi wa Agosti 2011 alichapisha makala ya kueleza sababu zake, na mifano yake haisahauliki. Uko mchezo uitwao Air Strike Patrol, ambao ndani yake mchezaji huiongoza ndege ya vita. Chini ya ndege hiyo pana kivuli kidogo kinachopita juu ya ardhi, na kivuli hicho humsaidia rubani kukadiria mahali mapigo yake yatakapoanguka. Watungaji wa mchezo walikichora kwa hila ya kubadili picha katikati ya mstari, na programu zenye haraka hazikuiweza hila hiyo. Katika mwigo wao ndege iliruka bila kivuli. Mfano wa pili ni wa mchezo wa Speedy Gonzales, ambao ndani yake pana kitufe karibu na mwisho wa safari. Katika programu nyingine mchezaji alipokigusa, mchezo ulisimama pale pale. Sababu ilikuwa kwamba mchezo ulisoma mahali pasipokuwa na kitu, na mtambo wa asili ulikuwa na namna yake ya kujibu hata pale pasipo kitu. Asiyeuiga ukimya wa mtambo hakuuiga mtambo.

Gharama ya uaminifu huo ilikuwa kubwa. Prosesa ya Super Nintendo, iendapo kwa kasi yake ya juu, ni ya megahezi 3.58. Ili kuiga bila kosa, byuu alihitaji prosesa ya gigahezi 3 hivi, yaani saa yenye kasi zaidi ya mara mia nane kuliko ile ya mtambo ulioigwa. Hapo ndipo methali yetu inapopinduka. Panya kumwiga tembo ni kiburi; tembo kumwiga panya, hatua kwa hatua, pumzi kwa pumzi, ni unyenyekevu wenye gharama. Kaseti nyingine zilikuwa na chipu za siri zisizosomeka kwa njia ya kawaida. Wapenzi walichangishana fedha, chipu zikafunguliwa kwa asidi na kutazamwa kwa hadubini, mpaka tarakimu zilizomo zikajulikana.

Msomaji aliyewahi kuhangaika na miswada ya tenzi zetu atakuwa amekwisha kuutambua ugomvi huu. Mnakili wa kwanza hupata neno gumu, akaliacha na kutia neno jepesi lenye mizani ile ile. Shairi lake huimbika vizuri, na wasikilizaji hawalalamiki. Mnakili wa pili huliandika neno gumu kama alivyolikuta, hata kama halielewi, kwa sababu anahofu kwamba ujinga wake si hoja ya kufuta maarifa ya mtu mwingine. Wa kwanza huwatumikia walio hai leo. Wa pili huwatumikia wafu na wale ambao hawajazaliwa. Hatuwezi kumdharau wa kwanza, maana bila yeye pengine shairi lisingekumbukwa na mtu. Lakini elimu husimama juu ya mabega ya wa pili.

Je, mwigo kamili ni asili yenyewe? Hapana, na mkweli lazima akiri. Mchezo haukuishia kwenye mtambo. Uliingia katika televisheni, na televisheni ya kale ilikuwa sehemu ya rangi ya mchoraji. Katika Sonic the Hedgehog, mchezo wa Sega wa mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari myembamba iliyoachana. Waya na kioo cha wakati ule viliichanganya mistari hiyo hata maji yakaonekana kama yanapenya nuru. Katika kioo cha leo, kilicho safi kupita kiasi, mtu huona mistari tu kama ya pazia. Bunduki ya mchezo wa Duck Hunt, wa mwaka 1984, iliitazama nuru ya kioo papo hapo mchezaji alipofyatua. Vioo vya sasa huchelewa kidogo, na bunduki ile ile mbele yake haioni bata hata mmoja. Watungaji wa miigo wameanza kuiga hata ukungu wa vioo vya kale, na wengine, kama wale wa MiSTer walioanza mwaka 2017, huiga mtambo kwa chipu inayoweza kupangwa upya saketi zake, badala ya programu peke yake. Lakini ukumbi, na rafiki aliyekaa ubavuni akingoja zamu yake, hakuna chipu inayoviiga.

Sasa na tuwarudie wenye mali, maana historia ina kejeli zake. Kuanzia mwaka 2006 Nintendo iliuza michezo yake ya zamani kwa njia ya mwigo katika mtambo wa Wii. Mwezi wa Novemba 2016 iliuza kijimtambo kidogo chenye umbo la mtambo wake wa kwanza na michezo 30 ndani yake. Kumbe ndani mlikuwa na kompyuta ya kisasa inayojifanya mzee. Mwezi wa Desemba 2018 Sony nayo iliuza PlayStation Classic yenye michezo 20, na mwigo uliotumika humo ulikuwa PCSX ReARMed, programu huria iliyoandikwa na wapenzi. Kampuni iliyokwenda mahakamani mwaka 1999 ili mwigo wa mtambo wake usiuzwe, baada ya miaka kumi na tisa iliuuza mwigo wa mtambo huo huo kwa mkono wake, tena mwigo uliotengenezwa na wengine bila ujira wake. Sisemi haya kwa kuwacheka. Nasema kwa sababu yanathibitisha lile la mwaka 1964: mwenye mali naye huuhitaji mwigaji.

Lakini hifadhi ya muuzaji ina mipaka ya muuzaji. Duka la Wii lilifungwa tarehe 30 Januari 2019, na maduka ya Nintendo 3DS na Wii U yaliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Michezo mingi iliyokuwa imefufuliwa humo ikarudi kaburini. Mwezi wa Julai mwaka huo wa 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, michezo 87 haikuwa ikiuzwa popote. Mwezi wa Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwapa watafiti nafasi ya kuitumia michezo ya namna hiyo wakiwa mbali. Kwa hiyo msomi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuichunguza michezo iliyohifadhiwa katika maktaba ya huko hana budi kukata tikiti ya ndege. Kwa upande mwingine, mwezi wa Aprili mwaka ule ule kampuni ya Apple iliyaruhusu kwa mara ya kwanza programu za mwigo wa mitambo ya kale katika duka lake la simu. Na mwezi wa Machi watungaji wa Yuzu, mwigo wa Nintendo Switch ambayo ilikuwa ingali sokoni, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuacha kazi yao. Ndipo tuonapo tena ule uwanja mpana niliousema: aliyemwiga aliye hai ameadhibiwa, na anayeuliza habari za maiti bado hajapewa ruhusa ya kutosha.

Nimeuliza mwanzoni jinsi kazi ya sanaa inavyohifadhiwa chombo chake kinapokufa. Jibu ambalo historia hii inatupa ni kwamba haihifadhiwi kwa kufungiwa kabatini. Kaseti iliyofungiwa kabatini hufa pamoja na kabati. Huhifadhiwa kwa kueleweka: mpaka apatikane mtu wa kukijua chombo kile hata dosari zake, hata ukimya wake, kiasi cha kuweza kukisimamisha tena katika mwili mwingine. Hiyo ni elimu, si mchezo. Imefanywa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa, wengine wakiwa chini ya hofu ya kushtakiwa, na sehemu kubwa ya tulichobakiwa nacho ni akiba yao. Vyuo vyetu vinavyokusanya miswada na kanda za sauti vitafanya vyema kuwahesabu watu hawa miongoni mwa wahifadhi, na kuwatetea wapewe ruhusa wanayoiomba. Siku itafika ambapo mtambo wa mwisho wa mwaka 1983 utawashwa na hautawaka. Siku hiyo haitakuwa na msiba, ikiwa mahali fulani iko kompyuta iliyojifunza kuwa yeye, na ndani yake ndege ingali ikiruka pamoja na kivuli chake.